Kutoka Sifuri Hadi Kumi

Swali lilikuwa jepesi kwa muulizaji: “Mama, kutoka sifuri hadi kumi, maumivu yako ni ngapi?” Mama yangu, aliyekuwa amebadilishiwa goti la kulia siku iliyotangulia, akajibu, “Mbili, mwanangu.” Muuguzi akaandika mbili. Mimi niliyesimama kando ya kitanda nilikuwa nikiitazama mikono yake ilivyolifumbata shuka.

Mama ni mzaliwa wa Mbooni, Makueni, akaolewa Kitui, na kotekote alilelewa kuamini kwamba mtu mzima halii mbele ya wageni. Nambari kwake ni za mbuzi na shilingi. Isitoshe, Kikamba hutumia kitenzi kimoja kwa kusikia sauti na kuhisi mwilini. Maumivu husikiwa, hayahesabiwi. Nilipomwuliza anasikiaje, maneno yalimiminika: goti linawanga usiku, linapwita likining’inia, ngozi ya kando ina ganzi. Huo, msomaji, ndio ushahidi autakao daktari, maana kupwita kwa uvimbe si sawa na ganzi ya mshipa wa fahamu. Ajabu ni kwamba sisi walimu wa lugha huwakaririsha wanafunzi majina ya makundi ya wanyama, lakini msamiati wa maumivu hatuufundishi.

Ugumu wa mama ungemponza. Goti la chuma na plastiki halijikunji lenyewe. Sharti likunjwe na kunyooshwa tangu siku za mwanzo. Mgonjwa anayeumwa kimyakimya huukwepa mguu wake, kovu likakaza, goti likashupaa, na damu katika mguu uliotulia ikaweza kuganda. Baada ya mazungumzo yetu, daktari alipanga dawa zake upya, na nyingine akawa anazimeza kitambo kabla ya mazoezi badala ya kungoja maumivu yapande. Tuliambiwa pia tusimwekee mto chini ya goti, hata kama unamliwaza, kwa kuwa mguu huzoea kupinda.

Kuhusu matayarisho, nakiri tulikosea. Shinikizo la damu, sukari na meno vilipimwa. Dawa zote alizotumia, hata za mitishamba, zilitajwa. Hakuna aliyekumbuka choo. Nyumbani Kitui ni cha shimo, na goti jipya halichuchumai. Fundi aliitwa mbio kutengeneza kiti cha mbao chenye tundu, na kile kigoda kifupi alichozoea kukalia akisuka vyondo kikafungiwa ghalani, jambo lililomuudhi kuliko upasuaji wenyewe. Barafu ya kukanda uvimbe ilitoka dukani sokoni, ikafungwa kwa kitambaa. Tuliagizwa kumrudisha hospitali upesi iwapo shavu la mguu lingevimba na kuuma, jeraha lingetoa usaha, au pumzi ingembana.

Wiki ya sita nilimpigia simu nikamwuliza, kwa mazoea mabaya, maumivu ni ngapi leo.

“Acha nambari zako,” akasema. “Niulize kama nimefika mwembeni.”

Alikuwa amefika, na kurudi, kwa gongo moja.