Kabla Hujaupiga Msasa Mlango wa Babu

Nyumba ya zamani inapokarabatiwa, mlango wa nakshi huwa miongoni mwa vitu vya kwanza kuguswa. Fundi anaung'oa, anaupiga msasa mpaka rangi mpya ya mti itokee, anaupaka vanishi inayong'aa, na mwenye nyumba anafurahi. Lakini katika siku hizo mbili mlango unaweza kupoteza sehemu kubwa ya thamani yake, na hasara hiyo hairudishwi na fundi yeyote.

Wakaazi wa Lamu wanajua kwamba milango hii ni zaidi ya mbao. Ni kazi za sanaa za asili, kila mmoja umechongwa kwa mkono, na ni sehemu ya sifa zilizoufanya Mji wa Kale uingizwe katika orodha ya Turathi za Dunia ya UNESCO mwaka 2001. Kisichojulikana sana ni jinsi wanaoithamini milango wanavyoitazama.

Mthamini hodari haanzi na nakshi. Anauzungusha mlango auone mgongo wake. Huko hakuna aliyewahi kupamba, kwa hiyo alama za patasi na tezo bado zinaonekana, na mbao zilizotiwa juzi hujulikana mara moja. Kisha anahesabu viungo: mbao zote mbili zipo? Mfaa wa katikati ni wa mlango huu? Miimo na kizingiti cha juu ni vya asili? Wapo wafanyabiashara wanaochukua kizingiti cha nyumba moja na mbao za nyumba nyingine, wakaunganisha na kuuza kama mlango mmoja wa kale. Mlango wa aina hiyo unaweza kupendeza macho, lakini thamani yake haifikii ya mlango kamili. (Anayekutajia bei kabla hajautazama mgongo wa mlango, mshuku.)

Baada ya ukamilifu, anatazama ngozi ya mti. Mbambakofi au msaji ulioshikwa na mikono ya vizazi kadhaa, ukapigwa na jua na upepo wa bahari, hupata weusi na ulaini ambao haupakwi kwa brashi. Weusi huo ndio ushahidi wa umri. Msasa unauondoa, na pamoja nao unaondoa kingo kali za nakshi. Ua lililochongwa kwa ncha ya patasi linageuka kuwa kivimbe. Vanishi nzito huongeza balaa: kwa jua na chumvi ya hapa hupasuka na kubambuka, na fundi anaitwa tena na msasa wake. Kila duru inakula nakshi kidogo. Ndiyo maana mlango wenye mikwaruzo na rangi iliyofifia, ambao haujaguswa, kwa kawaida huthaminiwa zaidi ya mwenzake unaong'aa.

Hii haimaanishi uuache uoze. Mchwa, unyevu na misumari ya chuma yenye kutu havingoji. Ukarabati unaozuia uharibifu huilinda thamani, mradi uguse sehemu mbovu tu na uweze kutenguliwa baadaye. Kama mguu wa mwimo umeoza, fundi akate sehemu iliyooza pekee, aunge kwa mti wa aina ile ile, na kipande kipya kijulikane kuwa kipya. Asijaze tundu kwa saruji. Saruji hushika maji, na mti ulio kando yake huendelea kuoza bila wewe kuona. Mchwa nao hutoka ardhini na kupitia ukutani, hivyo kutia dawa mlango peke yake ni kazi bure kama ukuta haukutibiwa. Kwa usafi wa kawaida, brashi laini na kitambaa kikavu vinatosha.

Mfano maarufu wa ukarabati uliokwenda kombo ulitokea mjini Borja, Uhispania, mwaka 2012. Muumini mzee alijaribu kwa nia njema kuufufua mchoro wa Yesu uliokuwa ukibambuka katika ukuta wa kanisa. Sura ya asili ilipotea kabisa. Borja walipata bahati ya ajabu, kwani watalii walimiminika kuja kuucheka na kuupiga picha. Mlango uliopigwa msasa hauna bahati hiyo, hakuna mtalii atakayepanda boti kuja kuuona.

Kuna pia upande wa sheria. Sheria ya Makavazi na Turathi za Kitaifa ya mwaka 2006 inautambua mlango, au fremu ya mlango, uliochongwa kwa mtindo wa Kiafrika au wa Mashariki kabla ya 1946 kuwa kitu kinachohifadhiwa. Kuutoa nje ya nchi bila kibali ni kosa. Ikiwa kizingiti chako kimeandikwa mwaka wa Hijria, hesabu ni rahisi: 1364 au chini yake ni kabla ya 1946, na 1300 ni takriban 1883. Maandishi hayo yasifunikwe kwa rangi. Mwaka na jina la mwenye nyumba vinavyosomeka vinaupa mlango historia yake, na mnunuzi, mtafiti au mrithi atauliza hayo kwanza.

Kwa hiyo, kabla fundi hajagusa chochote, piga picha mbele, nyuma, na kila penye kasoro. Muulize atatumia nini na ataondoa nini. Vipande vinavyotolewa, hata kijiti cha nakshi kilichovunjika, viwekwe ndani pakavu, vikiwa vimeinuliwa kutoka sakafuni na kuandikwa vilikotoka. Ukipata mtu wa kununua, au ukitaka kuuhamisha mlango kutoka nyumba uliyomo, fika kwanza katika ofisi ya Makavazi ya Kitaifa ya Kenya hapa Lamu, ukiwa na picha zako, kabla hujapokea hata shilingi.