Nyota na Sayari Huzaliwa Pamoja

Nafasi iliyo kati ya nyota, ingawa kwa macho huonekana tupu, imejaa gesi nyembamba ambayo takriban robo tatu ya uzito wake ni hidrojeni na karibu robo iliyobaki ni heliamu, huku elementi nyingine zote, kama vile oksijeni, kaboni na chuma, zikiwa sehemu ndogo sana. Sehemu ya elementi hizo nzito imo ndani ya chembe za vumbi laini zenye uzito unaokaribia asilimia 1 ya uzito wa gesi yote. Gesi hiyo inapojikusanya kwa wingi hutokea mawingu ya molekuli, ambayo huitwa hivyo kwa sababu vumbi na msongamano wa gesi iliyomo huziwezesha atomu za hidrojeni kuungana mbilimbili na kudumu katika hali hiyo bila kuvunjwa na mwanga wa nyota. Ndani ya mawingu hayo halijoto hushuka hadi karibu nyuzi 263 chini ya sifuri katika kipimo cha Selsiasi.

Kila wingu la aina hii limo katika mashindano ya nguvu mbili: uvutano, unaoikusanya gesi kuelekea katikati, na shinikizo la gesi yenyewe, linaloisukuma nje. Mwaka 1902 mwanafizikia Mwingereza James Jeans alionyesha kwa hesabu kwamba kwa kila kiwango cha halijoto na msongamano kuna kiasi cha maada ambacho kikizidishwa, shinikizo hushindwa na wingu huanza kujiporomokea. Kadiri gesi inavyokuwa baridi zaidi na kusongamana zaidi, ndivyo kiasi hicho kinavyopungua, na hiyo ndiyo sababu nyota huzaliwa katika pembe za baridi na giza za galaksi.

Mporomoko ukishaanza, gesi ya katikati hubanwa na kupata joto, lakini mwanzoni joto hilo hutoroka kwa njia ya mnururisho, kwa hiyo uvutano huendelea kushinda. Baadaye kitovu husongamana mno hata mnururisho hauwezi tena kupenya kwa urahisi, joto hujilimbikiza, na hapo huwepo nyota changa ambayo bado inang'aa kwa nishati ya kubanwa kwake tu. Halijoto ya kitovu inapofikia takriban nyuzi milioni 10, viini vya hidrojeni huanza kuungana na kuwa viini vya heliamu, tendo linaloitwa myeyungano wa nyuklia, na nishati inayotolewa husimamisha mporomoko. Jua lilihitaji takriban miaka milioni 50 kufikia utulivu huo, ilhali kitu chenye uzito ulio chini ya asilimia 8 hivi ya uzito wa Jua hakifikii kabisa joto la kuuendeleza myeyungano huo.

Hata hivyo, si gesi yote inayofika katikati. Kila wingu huwa na mzunguko, hata kama ni wa polepole sana, na jinsi jiwe lililofungwa kwenye kamba linavyozidi kasi kamba inapofupishwa, ndivyo gesi inayosogea ndani inavyozunguka kwa kasi inayoongezeka. Mzunguko huo huizuia gesi kuelekea moja kwa moja kwenye nyota, lakini hauizuii kushuka kutoka juu na chini, kwa hiyo wingu hubapa na kuwa kisahani cha gesi na vumbi kinachoizunguka nyota changa. Sayari hutokana na kisahani hiki, na kwa hiyo haziongezwi baada ya kazi kuisha, bali ni tokeo la sheria zilezile zinazoiunda nyota.

Ndani ya kisahani chembe za vumbi hugongana na kushikamana hadi kuwa kokoto, kokoto hukusanyika na kuwa miamba ya kilomita kadhaa, na miamba hiyo huvutana kwa uvutano wake yenyewe. Karibu na nyota, ambako ni joto, mawe na metali pekee hubaki vigumu, na humo huundwa sayari ndogo za mawe kama Dunia, zinazohitaji makumi ya mamilioni ya miaka kukamilika. Mbali zaidi maji hugeuka barafu, malighafi ya kujengea huongezeka, na kiini chenye uzito wa takriban Dunia 10 huweza kuivuta gesi inayokizunguka na kuwa sayari kubwa kama Mshtarii, wenye uzito wa Dunia 318. Kazi hiyo sharti imalizike mapema, kwa kuwa gesi ya kisahani hutoweka ndani ya miaka milioni chache.

Kwa muda mrefu maelezo haya, ambayo chimbuko lake ni mawazo ya Immanuel Kant mwaka 1755 na Pierre-Simon Laplace mwaka 1796, yalitegemea hesabu na dalili za mbali. Mwaka 2014 darubini ya redio ya ALMA, yenye antena 66 katika jangwa la Atacama nchini Chile, ilitoa picha ya kisahani cha nyota HL Tauri, iliyo umbali wa takriban miaka-nuru 450, ikaonyesha miviringo angavu iliyotenganishwa na mapengo meusi, ambayo wataalamu wengi huyaeleza kuwa njia zinazofagiliwa na sayari zinazokua. Mwaka 2018 sayari changa yenyewe ilipigwa picha ndani ya pengo la kisahani cha nyota PDS 70, na mwaka uliofuata ya pili ikatambuliwa humo humo.

Tangu sayari ya kwanza inayozunguka nyota inayofanana na Jua ilipogunduliwa mwaka 1995, zaidi ya sayari 5,000 zimethibitishwa nje ya mfumo wa Jua, na idadi hiyo ndiyo inayotarajiwa ikiwa kila wingu linaloporomoka huzunguka na kila mzunguko huacha kisahani. Dunia, basi, haikuhitaji tukio la pekee ili iwepo. Ilihitaji gesi baridi, vumbi lililotengenezwa na nyota zilizotangulia, na muda wa kutosha.