Bunduki ya baba mu nyumba: vyombo gani vya kuisafisha?

Mvua ikianza, wababa wengi wenye kuwinda siku za kongé wanatoa bunduki nyuma ya kabati na kukuta kutu imekula ndani ya kano. Hapo mutu anashika kipande cha ferabeto, anafunga kitambaa, anaanza kusukuma. Pole, baba! Ferabeto inakwaruza kano, na pale ilipokwaruza ndipo kutu itarudi kwanza.

Lakini kuna jambo kubwa kuliko kutu. Mbele ya kugusa chombo chochote, watoto watoke, kartushi zote ziende chumba kingine. Kalibre 12 yenye kuvunjika katikati ni nyepesi: unaifungua, unaangalia, unaona mwanga upande wa pili. Kazi iko kwa pupu, ile ya wafua chuma wetu, juu haifunguki nyuma. Baruti inaweza kulala ndani tangu mwaka jana na hakuna anayekumbuka. Kaa pembeni, uso na mikono mbali na mdomo wake. Ingiza fimbo ya mti pole pole, tia alama pale mdomoni, kisha uilaze nje ya kano. Kama ncha haifiki karibu na tundu la moto, kitu kiko ndani. Usisukume tena. Mwite fundi.

Sasa vyombo. Fimbo iwe ya mti mgumu ao ya shaba, ndefu kupita kano. Brosi ya waya wa shaba iwe ya namba 12 kweli, maana tundu la kalibre 12 lina upana wa milimetre 18 na nusu hivi. Brosi ya 16 itapita bure bila kugusa. Vitambaa, kata singileti nzee ya pamba. Mafuta ni yale mepesi ya mashine ya kushona, mama anayo tayari. Mawese hapana! Yanaganda na kushika vumbi. Esanse nayo hapana, zaidi mu nyumba yenye mbabula. Na turnevisi? Kama haikai sawasawa mu kichwa cha visi, uiache. Visi ikikwisha kuharibika, fundi atakulipisha.

Kalibre 12 inasukumwa toka nyuma kwenda mdomoni, ili uchafu usirudi mu mashine yake. Pupu inataka kwanza maji ya moto na sabuni, juu moshi wa baruti nyeusi unabaki kama chumvi na unavuta maji ya hewani. Ikaushe sana, ndipo mafuta, kidogo tu.

(Bunduki isiyo na kibali, hiyo ni habari ingine: sheria ya 1985 inakidai.)

Ikiisha kazi, bunduki inafungiwa kwa ufunguo, kartushi pengine, na ufunguo hauachwi juu ya meza. Asubuhi ya kwenda porini, pitisha kitambaa kikavu mu kano mbele ya kutia kartushi ya kwanza.