Kalamu ya Kesses, Jina la Mwingine

Kati ya Burnt Forest na Eldoret, ukifika Cheptiret, kuna barabara inayoiacha ile kuu na kuelekea Kesses, kwenye Chuo Kikuu cha Moi. Ipite saa nane za usiku, utaona taa zinawaka katika vyumba vya kupanga. Baadhi ya walio macho wanasomea mtihani. Wengine wanawaandikia wanafunzi wa ng'ambo insha zao kwa malipo. Mwanafunzi wa Ohio akiambiwa awasilishe insha yake kabla ya saa sita za usiku kwao, huku kwetu makataa hayo yanaangukia saa moja au saa mbili asubuhi, kwa hivyo anayemwandikia halali.

Mimi ni mwanafunzi, na nyumbani kwetu ni Burnt Forest. Kazi hiyo ya usiku imenifikirisha sana juu ya uandishi wa kitaaluma: ni kitu gani hasa, unamfaa nani, na mbona sisi tulio hodari kiasi hiki hatujautumia kuandika juu ya mahali petu.

Wanaoifanya wamenieleza mpangilio wake. Oda inatundikwa mtandaoni ikiwa na mada, idadi ya kurasa, mtindo wa marejeleo na makataa. Ukurasa mmoja huhesabiwa kuwa maneno 275. Mwandishi huomba oda, akipewa huingia kazini, akichelewa hukatwa pesa. Mgeni hapati akaunti kwa urahisi, basi huandika kwa akaunti ya mtu mwingine, na mwenye akaunti hula fungu lake. Hapo mwandishi amefichwa mara mbili. Juu ya insha kuna jina la mwanafunzi wa ng'ambo, na hata mtandaoni kazi inasomeka kuwa ya mwenye akaunti.

Biashara hii haikuota yenyewe. Kabla ya 2009 intaneti ya Kenya ilitegemea setilaiti, nayo ilikuwa ghali na ya kusuasua. Mwaka huo nyaya za SEACOM na TEAMS zilifika Mombasa kupitia chini ya bahari, bei zikaanza kushuka, na nchi ikajikuta ina maelfu ya vijana waliosoma, wanaojua Kiingereza, wasio na ajira. Septemba 2019 gazeti la New York Times lilichapisha habari ndefu kuhusu Wakenya wanaowaandikia wanafunzi wa Marekani. Mwaka 2024 ikatoka filamu ya Eloise King, The Shadow Scholars, inayomfuata Profesa Patricia Kingori wa Oxford, mzaliwa wa Kenya, akiwatafuta waandishi hao nchini mwetu.

Siandiki haya ili kumsuta mtu. Mkopo wa masomo wa HELB ukichelewa, mwenye nyumba hachelewi. Mfumo wa ufadhili wa vyuo uliotangazwa Mei 2023 umeziacha familia nyingi zikihangaikia sehemu yao ya karo. Lakini ubaya wa kazi yenyewe hauwezi kupakwa rangi. Australia iliipiga marufuku kwa sheria mwaka 2020 na Uingereza mwaka 2022, na sheria zote mbili zinamlenga anayeuza huduma. Fikiria mwanafunzi wa uuguzi ambaye kila mpango wa kumtunza mgonjwa aliandikiwa na kijana wa Kesses anayesomea uchumi. Siku moja atasimama kando ya kitanda cha mtu anayeumwa kweli.

Kwangu mimi, hasara kubwa zaidi iko huku nyumbani. Ili kuona ukubwa wake, sharti kwanza tukubali kwamba uandishi wa kitaaluma ni ujuzi wa thamani, na kwamba vijana hawa wanao.

Sekondari tulifunzwa insha ya mtihani. Karatasi ya kwanza ya Kiswahili ya KCSE inataka insha mbili, kila moja isipungue maneno 400, na wengi wetu tuliingia chumba cha mtihani na methali zetu, tashbihi zetu na machweo yetu tuliyoyahifadhi kwa moyo. Nilipenda insha hizo na bado nazipenda. Zilinifunza kusikia sentensi. Ila hakuna mtahini aliyewahi kuniuliza niliyajuaje niliyoyaandika. Chuoni hilo ndilo swali la kwanza na la mwisho. Unaandika kwamba wakulima wa viazi wanapunjwa, mhadhiri anachora mstari chini yake na kuandika pembeni: umejuaje? Umewauliza wangapi? Nani alisema hivyo kabla yako, na ulipoangalia mwenyewe ulikuta nini? Swali hilo linachosha. Linakuvua maneno mazuri uliyoyazoea. Lakini mtu aliyelizoea hadanganywi kirahisi, awe mbele ya mwanasiasa, broka au mhubiri, na sijui elimu nyingine inayofaa zaidi katika kaunti yetu.

Nimetaja viazi kwa makusudi. Kanuni za viazi za 2019 zinasema gunia lisizidi kilo 50. Anayekaa Burnt Forest anajua magunia yanayofumwa nyongeza juu hadi yanakuwa na kichwa, na anajua kwamba mkulima hulipwa kwa gunia huku mnunuzi wa mjini akiuziwa kwa kilo au kwa debe. Tofauti hiyo inaingia mfukoni mwa nani? Ni kilo ngapi hasa kwa gunia moja, msimu wa mavuno na msimu wa ukame? Kwa nini wakulima wameendelea kung'ang'ania aina ya viazi iitwayo Shangi, ambayo huchipua upesi na hivyo haimruhusu mkulima kungoja bei ipande? Kila swali hapo ni tasnifu nzima. Linahitaji mizani, daftari, wiki kadhaa za kusimama shambani alfajiri kabla lori halijaondoka, na subira ya kumsikiliza broka naye aeleze gharama zake, maana naye anazo. Kijana anayeweza kupanga hoja na marejeleo ya kurasa kumi kwa usiku mmoja, juu ya hospitali ambayo hajawahi kuiona, anaweza kuifanya kazi hii. Nasema anaweza kwa sababu nawajua.

Yapo pia mazito kuliko viazi. Burnt Forest imeandikwa, lakini imeandikwa ilipoungua. Imo katika ripoti ya Human Rights Watch ya 1993 kuhusu mapigano ya kikabila. Imo katika kazi ya Tume ya Akiwumi iliyoundwa 1998 kuyachunguza mapigano hayo, na imo katika ripoti ya Tume ya Waki baada ya ghasia za uchaguzi wa 2007. Ripoti hizo zilikuwa za lazima, na walioziandika walifanya jambo la haki. Lakini msomaji wa mbali akizimaliza atajua jinsi majirani walivyofukuzana, bila kujua jinsi waliorudi walivyoanza tena kuuziana maziwa, nani alikuwa wa kwanza kusalimu, ni ua upi ulipandwa upya na ni shamba gani lilibadilishwa kwa jingine ili watu waishi kwa amani. Mambo hayo wanayo wazee wa pande zote mbili, na wazee hawatungoji.

Wapo watakaosema masimulizi ya wazee si ushahidi. Hoja hiyo ilijibiwa zamani, na aliyeijibu alikuja kuwa Chansela wa Chuo Kikuu cha Moi. Bethwell Ogot, aliyefariki Januari 2025, alifanya utafiti wake wa uzamifu wakati ambapo wanahistoria wengi wa Ulaya walishikilia kwamba pasipo hati hapana historia. Yeye aliwaendea wazee, akakusanya masimulizi ya koo, akayalinganisha moja na jingine na kuhesabu vizazi ili kukadiria miaka. Kitabu chake kuhusu historia ya Waluo wa Kusini kilitoka 1967. Aliulizwa umejuaje, akajibu kwa njia ambayo wengine wangeweza kuifuata na kuikagua.

Nirudi kwa waandishi wa usiku. Tangu ChatGPT izinduliwe Novemba 2022, wanalalamika kwamba oda zimekauka. Januari 2023 jarida la TIME lilieleza kwamba wafanyakazi jijini Nairobi walilipwa chini ya dola mbili kwa saa kusoma maandishi ya kuchukiza na kuyawekea alama, ili teknolojia hiyo ifunzwe kuyatambua. Habari hiyo iliniuma. Mkenya aliandika kwa jina la mwingine, kisha Mkenya mwenzake akasaidia kuilea mashine iliyokuja kuichukua kazi hiyo, naye pia jina lake halionekani popote. Hata hivyo mashine hujua yaliyokwisha kuandikwa. Gunia la Burnt Forest ambalo hakuna aliyelipima na kuliandika, mashine itabahatisha tu uzito wake.

Kwa hiyo nina ombi kwa wahadhiri wetu na kwa wenzangu. Mwanafunzi anapochagua mada ya tasnifu, aulizwe kwanza kama kuna jambo la kwao analotaka kulijua. Na kwa kuwa tasnifu nyingi za vyuo vyetu huandikwa kwa Kiingereza na kubaki rafuni maktabani, kila inayohusu watu wa hapa ipewe muhtasari wa kurasa mbili tatu kwa Kiswahili, upelekwe kwenye chama cha ushirika, shule ya jirani na ofisi ya chifu. Mama aliyekubali gunia lake lipandishwe mizani apate kusoma tulichoandika. Akiona tumekosea uzito au bei, atajua amtafute nani, kwa sababu jina la mwandishi litakuwa pale juu, na kijiji chake, na nambari yake ya simu.