Kufundisha Kiingereza Ng'ambo: Vijana wa Arua na Koboko Wako Njia Panda

Kila mwaka, vyuo vya ualimu vimalizapo mitihani yao, huonekana katika stendi ya teksi mjini Arua vijana waliovaa mashati yaliyopigwa pasi, kila mmoja na bahasha ya kaki kwapani. Ndani ya bahasha hizo zimo hati za kuhitimu. Wengine wanarudi kwao Maracha, wengine Yumbe, wengine wanangoja gari la Koboko. Mmoja wa hao wa Koboko tulipanda naye gari moja, tukaketi naye bega kwa bega. Amesomea stashahada ya kufundisha Kiingereza na fasihi yake. Mjomba wake, ambaye ni mfanyabiashara mjini Yei, Sudani Kusini, alikuwa amempigia simu kumwambia kwamba shule moja huko inatafuta mwalimu wa Kiingereza. "Mjomba amesema nije na bahasha tu," alituambia, "mengine yatajulikana huko huko."

Maneno hayo, "mengine yatajulikana huko huko," ndiyo yaliyotufanya tuandike makala haya.

Asidhani mtu kwamba kijana huyu anakimbia kazi. Mwalimu wa lugha hapa kwetu ana kisa chake. Mwaka 2022 Serikali ilipandisha mshahara wa mwalimu wa sayansi mwenye shahada katika shule ya sekondari hadi shilingi milioni 4 kwa mwezi, naye mwenzake wa lugha na historia, mwenye shahada kama yeye na vipindi kama vyake, akabaki na kama milioni 1. Juni mwaka huo walimu waligoma nchi nzima wakiongozwa na chama chao, UNATU. Hata hiyo milioni moja huipata yule tu aliyekwisha kuajiriwa na Serikali. Asiyeajiriwa hufundisha katika shule za watu binafsi, ambako mshahara huja baada ya wazazi kulipa karo, na wazazi wa kwetu hulipa karo baada ya kuvuna tumbaku au kuuza mbuzi. Basi kijana akiitazama ng'ambo, tusimlaumu.

Lakini ng'ambo ni ipi? Wenzake chuoni walikuwa wakizungumza habari za Korea Kusini, ambako wageni hulipwa vizuri kwa kuwafundisha watoto Kiingereza. Tulimweleza ambalo wenzake hawakulijua. Kibali ambacho nchi hiyo huwapa walimu wa Kiingereza kutoka nje hutolewa kwa raia wa nchi saba tu: Marekani, Uingereza, Kanada, Ireland, Australia, New Zealand na Afrika Kusini. Uganda haimo. Mtoto wa Arua hufundishwa kwa Kiingereza tangu darasa la nne, mitihani yake yote huiandika kwa Kiingereza, na Mbunge wake husimama Bungeni akasema Kiingereza. Lakini afikapo kwenye dirisha la ubalozi huulizwa pasipoti kwanza, na umahiri wake wa lugha haumpeleki mbele hata hatua moja. Twaona jambo hili ni la kuudhi, wala hatuoni haya kulisema. Hata hivyo ni afadhali kijana alijue akiwa bado Arua, kabla hajamlipa wakala pesa za shamba la babake.

Kwa hiyo ng'ambo iliyo ya kweli kwa vijana hawa ni ile ya mwisho wa barabara. Barabara ya lami ianziayo Vurra, mpakani mwa Kongo, hupita Arua, Maracha na Koboko ikaishia Oraba, urefu wa kilometa 92. Ukivuka mpaka hapo umefika Kaya, Sudani Kusini, na kutoka hapo ni safari ya nusu siku au zaidi hadi Yei, kwa kadiri ya mvua. Kabila la Wakakwa linakaa katika nchi tatu: Uganda, Kongo na Sudani Kusini. Hata mpaka wenyewe si wa kale, kwani nchi yetu ya West Nile ilikuwa sehemu ya Sudani na ikaingizwa Uganda mwaka 1914 tu. Mkakwa wa Koboko aendapo Yei humkuta shangazi yake kabla hajamkuta ofisa wa uhamiaji.

Na kule Kiingereza kinatakiwa kwa sababu zisizo ndogo. Baada ya Sudani kupata uhuru mwaka 1956, serikali ya Khartoum ilizichukua shule za wamisheni za Kusini na kukitia Kiarabu mahali pa Kiingereza. Watu wengi wa Kusini walikimbilia Uganda wakasomea hapa. Mkataba wa Addis Ababa wa mwaka 1972 ulikipa Kiingereza nafasi yake huko Kusini, vita vikaja tena mwaka 1983, na mkataba wa mwaka 2005 ukazifanya lugha zote mbili kuwa lugha za kazi. Ilipofika tarehe 9 Julai 2011 Sudani Kusini ikawa nchi huru, na katiba yake ikatangaza Kiingereza kuwa lugha rasmi. Sheria yaweza kuandikwa kwa siku moja. Mwalimu wa kuitimiza hapatikani kwa siku moja. Maelfu ya walimu walikuwa wamesomea Kiarabu, wakaambiwa wafundishe kwa lugha ambayo wengi wao hawakuwa wakiisoma hata katika gazeti. Rwanda ilipokiteua Kiingereza mwaka 2008 ilipatwa na mashaka kama hayo hayo, na Waganda wengi walikwenda huko kusaidia.

Mjini Koboko tulimchukua kijana wetu hadi kwa mwalimu mmoja mstaafu aliyefundisha Yei tangu mwaka 2009 hata 2016. Alitupokea chini ya mwembe wake, akaagiza chai, kisha akamwomba kijana barua ya kazi. Kijana akasema hana, ana simu ya mjomba tu. Mzee akanyamaza kidogo.

"Mwanangu," alisema, "mjomba wako atakulaza na kukulisha, lakini si yeye atakayekulipa. Nani atatia sahihi?"

Ndipo akatueleza mambo yaliyompata. Mkataba wake wa pili uliandikwa kwa pauni za Sudani Kusini, 1,500 kwa mwezi. Wakati huo dola moja ilikuwa chini kidogo ya pauni 3, kwa hiyo alikuwa akipata kama dola 500, akajenga nyumba hii tuliyoketi mbele yake. Desemba 2015 serikali ya Juba iliiachia pauni ijitafutie bei yake sokoni, na kwa siku moja dola ikapanda hadi pauni 18 na zaidi. Zile pauni 1,500 zikawa kama dola 80. Mkataba haukuvunjwa, mwajiri hakusema uongo, tarakimu katika karatasi zilikuwa zile zile. Nyumba ilibakia bila sakafu kwa miaka mitatu.

Alitukumbusha pia amri za serikali ya huko. Septemba 2014 wizara ya kazi iliagiza wageni waondolewe katika kazi nyingi na nafasi zao wapewe wananchi, kisha siku chache baadaye ikairudi kauli yake. Machi 2017 ilitangazwa kwamba ada ya kibali cha kazi kwa mgeni mwenye taaluma itakuwa dola 10,000. Amri hiyo nayo ilisimamishwa baadaye, lakini mwalimu asiye na akiba hawezi kungoja amri isimamishwe. Yeye mwenyewe wakati huo alikuwa amekwisha kurudi. Mapigano ya Juba ya Julai 2016 yalipoenea hadi Yei, alifunga kitabu cha mahudhurio, akampa mwalimu mkuu ufunguo wa kabati, akatembea siku tatu kwa njia za msituni pamoja na wanafunzi wake kumi na mmoja.

Tulimwuliza kama anajuta. Hakujibu mara moja. Alianza kueleza habari za darasa lake la jioni, ambalo wanafunzi wake walikuwa walimu wenzake, watu wazima waliofundisha kwa Kiarabu kwa miaka ishirini. Mkono wao ulizoea kuanza mstari kuumeni. Asubuhi walikuwa mabwana wa madarasa yao, jioni wakiketi kwenye madawati ya watoto, magoti yamegonga ubao, wakijifunza kuandika herufi kutoka kushoto. Mmoja wao, mwenye mvi, alikuwa akificha daftari lake kwa kiganja asionwe na wenziwe. "Yule," alisema mzee, "mwaka wa pili alisimama mbele ya wazazi akasoma majina ya waliofaulu kwa Kiingereza, majina yote, bila kusita. Sasa nijute nini?"

Kuna jambo jingine ambalo vijana wa leo hawalikumbuki, nao si wa kulaumiwa, kwa kuwa hawakuwapo. Baada ya kuanguka kwa utawala wa Amin mwaka 1979, na hasa tangu Oktoba 1980 majeshi yalipoiadhibu West Nile, wakazi wengi wa Arua na Koboko walikuwa wakimbizi huko Yei na huko Kongo, iliyoitwa Zaire wakati ule. Wenyeji waliwapa ardhi. Shule zao walizijenga wenyewe kwa miti na nyasi. Mwenyeji wetu chini ya mwembe alijifunza Kiingereza katika shule moja ya namna hiyo, kwenye ardhi ya watu wa Yei. Hakutuambia kwamba alirudi huko kulipa deni. Sisi ndio tuliolifikiria hivyo.

Hali kadhalika, mgeni wa kufundishwa siku hizi yuko pia upande huu wa mpaka. Bidi Bidi, wilayani Yumbe, ilifunguliwa Agosti 2016, na kabla mwaka haujaisha ilikuwa na watu zaidi ya 270,000 kutoka Sudani Kusini. Lobule, wilayani Koboko, wako Wakongo ambao watoto wao walianza shule kwa Kifaransa, sokoni husema Kilingala au Kiswahili, na darasani hukutana na Kiingereza kama ukuta. Mwalimu wa huko hana haja ya pasipoti. Ana darasa la watoto wanaopindukia mia, na mara nyingi pembeni ana msaidizi wa kufasiri. Kazi nyingi za huko, hata hivyo, hutegemea fedha za wafadhili, nazo zikikatwa mkataba hukatika katikati ya muhula. Ng'ambo ina hatari zake na nyumbani kuna zake.

Maoni yetu ni haya. Kijana aende, kama moyo wake umependa, maana kule anahitajiwa kuliko anavyohitajiwa katika shule nyingi za mjini Arua. Lakini asiende kwa simu. Awe na barua yenye sahihi na muhuri, yenye kutaja mshahara kwa dola au kwa shilingi, muda wa kazi, na nani atakayelipia kibali. Hati zake za asili azitunze nyumbani, achukue nakala zilizothibitishwa, kwa kuwa aliyekimbia usiku harudi kuchukua bahasha. Na ajifunze Kiarabu cha Juba kidogo kabla ya kuvuka, hata kama atakwenda kufundisha Kiingereza. Mwalimu asiyejua mtoto anaulizaje njia ya chooni hatafundisha sana.

Tulipoagana naye karibu na soko la Koboko, magari ya Oraba yalikuwa yakipiga honi na utingo mmoja amekwisha kumshika mkono. Akajitoa. Alikuwa na mjomba wake simuni, akimwuliza kwa adabu, "Shikamoo mjomba. Nani atatia sahihi?" Hatukusikia jibu. Tulichosikia ni yeye kusema atangoja kwa shangazi yake hapo Koboko hadi barua ije, kisha akatuuliza duka la kutolea nakala liko upande gani.