Hita Inayopoa Katikati ya Wimbo

Amplifaya ya gitaa iliyoletwa kwangu kutoka Akheri ilikuwa na ugonjwa wa kuudhi. Kwenye mazoezi ya kwaya inapiga vizuri dakika 20, kisha sauti inafifia kama mtu anayesinzia, inakauka, na baada ya muda inarudi yenyewe. Vali zote zilikuwa zimeshabadilishwa, na ugonjwa uko palepale.

Kule kufifia ndiko kulikonielekeza kabla sijagusa skrubu. Ndani ya kila vali kuna hita, uzi mwembamba unaong'aa kama kaa la moto na kuipasha kathodi ili itoe elektroni. Umeme wa hita ukikatika, kathodi haipoi papo hapo. Sauti huchukua sekunde kadhaa kufa, na kadhaa tena kufufuka. Waya wa gitaa uliolegea hukata ghafla, tena kwa mkwaruzo. Kwa hiyo mwulize mpigaji sauti ilikufaje kabla hujamtuma dukani kutafuta vali.

Kisha pima umeme wa ukutani. Transfoma ya volti 230 ikipewa 180 jioni, hita iliyotakiwa kupata volti 6.3 inabaki na 4.9, na vali zote zinafifia pamoja. Hapo dawa ni stabilaiza.

Hiyo 6.3 imo ndani ya jina la vali. Philips, kampuni iliyowahi kuunganisha redio hapa Arusha, ilitumia mfumo ambao herufi E ya mwanzo humaanisha hita ya volti 6.3: EL34, ECC83. Wamarekani waliweka tarakimu: 6L6. EL34 moja hula ampia 1.5, na ECC83 hula 0.3. Amplifaya hii ina EL34 mbili na ECC83 tatu, jumla ampia 3.9, na mzigo wote huo unapita kwenye njia moja.

Zima taa za chumba uangalie. Vali moja ikiwa giza na nyingine zinang'aa, shuku vali hiyo au soketi yake. Kwenye ECC83, pini ya 4 au ya 5 ikikosa mguso nusu moja tu ya vali hupoa. Baridi na ukungu wa miteremko ya Meru huzitia kutu pini, na barabara ya mashimo hulegeza vishikio. Zikififia zote, kama hii ilivyofanya, kosa liko kwenye njia ya pamoja.

Hapa ndipo mafundi wengi hupotea. Wanazima amplifaya, wanaweka mita kwenye omu, inasoma karibu sifuri, wanasema waya ni mzima. Lakini mita inapitisha mkondo mdogo mno, na kiungo kilichopoa kimeshafunga ufa wake. Kwa ampia karibu 4, nusu omu tu inatosha kumeza volti karibu 2. Pima volti, tena hita zikiwa zimewaka na ugonjwa ukiwa umefika. Nilizima, nikatoa chaji ya kapasita, maana hubaki na volti 400 na zaidi hata plagi ikiwa mkononi, ndipo nikabana waya za mita kwenye pini ya 2 na ya 7 ya soketi ya EL34. Nikawasha, nikangoja. Sauti ilipofifia, mita ilisoma 4.1. Kwenye miguu ya transfoma, 6.4.

Volti 2.3 zilikuwa zinapotea katikati. Kwa kijiti cha mshikaki niligusa kila kiungo polepole, mkono mwingine mfukoni, hadi mita ikaruka. Ni pale waya wa hita unapoingia kwenye bodi: risasi ilikuwa na ufa mwembamba uliozunguka pini kama pete, na ubao umebabuka ukawa wa kahawia.

Sikuridhika kuongeza risasi tu, kwa sababu ubao uliobabuka utaipasua tena. Nilivuta waya mbili nene, zilizosokotwa ili zisilete mngurumo, kutoka transfoma moja kwa moja hadi kwenye soketi. Nikaiacha ikiwaka kwa muda wa saa tatu, mita imebanwa palepale: 6.2, haikutikisika.

Zile vali zilizotolewa nilizipima moja moja, nikazirudisha kwenye boksi na kuandika juu yake: nzima.