Shati la karatasi kwa mwanajeshi: Kadi ambayo mwanafunzi wa Same anaweza kuikunja bila gundi

Kila Julai 25 Tanzania huadhimisha Siku ya Mashujaa. Mashada ya maua, mkuki na ngao huwekwa kwenye mnara, viongozi husimama kimya, shughuli inaisha. Kwa mwanafunzi wa Same mjini, au wa vijiji vya juu kwenye Milima ya Upare kama Mamba na Vudee, siku hiyo ni ya kuangalia kwenye televisheni tu.

Lakini kuna jambo dogo ambalo hata mtoto wa darasa la tatu analiweza: kukunja kadi kwa mkono na kumwandikia mwanajeshi. Watoto wengi tayari wanajua kukunja ndege, mashua na kofia. Shati la karatasi ni hatua moja tu mbele.

Kwa nini kadi, wakati simu zipo?

Meseji hupotea simu ikijaa. Karatasi huingia mfukoni, hukaa ndani ya begi, na hutolewa siku mtu anapokumbuka nyumbani. Zaidi ya hapo, kitu kilichokunjwa kwa mkono kinaonyesha kwamba kuna mtu alikaa chini, akakosea, akakunjua, akaanza tena kwa ajili ya mtu asiyemjua.

Aandike nini?

Hapa ndipo kadi nyingi hufanana. "Asante kwa kulinda nchi yetu" si vibaya, ila darasa zima likiandika hivyo, msomaji akishasoma moja amesoma zote. Kadi nzuri hutaja jambo ambalo mtoto mwenyewe analielewa.

Mfano ni Hanang. Desemba 3, 2023, maporomoko ya tope yaliukumba mji wa Katesh na maeneo ya jirani, mkoani Manyara. Watu zaidi ya 80 walifariki. Wanajeshi wa JWTZ walikuwa miongoni mwa waliotafuta watu na kuondoa tope.

Mtoto wa Mamba haelezwi tope ni nini. Novemba 2009, baada ya mvua kubwa, mlima uliporomoka katika kijiji cha Goha wilayani Same na kuua watu zaidi ya 20. Wazee na wazazi bado wanasimulia. Mtoto aliyekulia kwenye simulizi hiyo anaweza kuandika: "Na sisi tunakaa mlimani. Mvua ikinyesha usiku, mama halali. Asante kwa kwenda Hanang."

Mfano mwingine ni Congo. Desemba 7, 2017, kambi ya walinda amani wa Umoja wa Mataifa ilivamiwa Semuliki, Kivu Kaskazini. Wanajeshi wa Tanzania wasiopungua 14 waliuawa. Hawakuwa wakilinda mpaka wa nchi yao. Walikuwa kwa jirani.

Kwa kadi kama hiyo, "asante" peke yake haitoshi. Mtanzania akimkuta mtu shambani au barabarani na jembe, hamwambii asante kwanza. Anamwambia "pole na kazi". Maneno hayo yanakiri kwamba kazi inachosha na inaumiza. Ni mwanzo mzuri wa kadi ya mwanajeshi. Na kama darasani yupo mwenzao aliyempoteza mzazi akiwa kazini, kadi ya kwanza iende nyumbani kwao, ikiwa na neno moja: pole.

Namna ya kukunja

1. Karatasi ya A4, au ya daftari, husimamishwa wima. Hukunjwa katikati kwa urefu, kisha hufunguliwa ili ibaki alama ya mstari.

2. Pande mbili ndefu hukunjwa zikutane kwenye mstari huo, kama milango miwili ya kabati.

3. Upande wa chini, pembe za ndani za "milango" hiyo hukunjwa kwenda nje mpaka zichomoze kidogo pembeni. Hiyo ni mikono ya shati.

4. Upande wa juu, ukingo wenye upana wa kidole hukunjwa kwenda nyuma. Halafu pembe mbili za juu huletwa mbele zikutane katikati. Hiyo ni kola.

5. Ujumbe huandikwa hapo ndani. Kisha nusu ya chini hukunjwa kupanda juu na ukingo wake huchomekwa chini ya kola. Shati linajifunga lenyewe. Vifungo na mifuko huchorwa kwa kalamu.

Ya kuepuka

Shati libaki la rangi moja, bila mabaka. Agosti 2023 JWTZ liliwapa raia siku saba kusalimisha mavazi ya kijeshi na yanayofanana nayo. Karatasi si vazi, lakini hakuna sababu ya kumpa mwalimu maswali. Mtoto asiandike namba ya simu wala jina la kambi. Jina lake la kwanza, darasa na wilaya vinatosha.

Zinafikaje?

Kadi za darasa zima hukusanywa na mwalimu, na mkuu wa shule ndiye wa kuulizia njia. Pa kuanzia ni ofisi ya mkuu wa wilaya, kwa mshauri wa Jeshi la Akiba wa wilaya. Huyo ni ofisa wa jeshi, na anajua mlango wa kubisha.

Shule zikifunguliwa Julai, wiki zilizobaki kabla ya Siku ya Mashujaa ni chache. Zikipita, ipo Septemba 1, siku ambayo JWTZ liliundwa mwaka 1964. Na hiyo nayo ikipita, si hasara. "Pole na kazi" haina tarehe. Husemwa wakati wowote mtu anapokutwa kazini.